Somo: Kutambua na kurekebisha kasoro za sepia katika picha za chumba cha giza

Anayetia picha rangi ya sepia, yaani hudhurungi, hapa Lamu hukutana mara nyingi na kasoro za aina tatu: sehemu za mwanga kuliwa au kugeuka manjano, madoa ya buluu, na hudhurungi inayoshika mahali ikaacha pengine. Wengi huilaumu dawa ya rangi, ilhali kwa kawaida kasoro huwa zimekwisha kuzaliwa kabla dawa hiyo haijamiminwa, na chanzo chake kikubwa ni maji.

Hatua ya kwanza ni kuichapa picha iwe nzito kidogo kuliko kawaida, kwa sababu sepia hupunguza kina cha vivuli.

Hatua ya pili, ambayo naomba isiharakishwe kamwe, ni kuiosha fiksa yote, yaani dawa ya kuikaza picha isiharibiwe na mwanga. Mabaki yake yakikutana na potasiamu ferisianidi, dawa ya kufifisha ya hatua ya tatu, huwa dawa inayoyeyusha fedha iliyojenga picha, na hapo mikunjo ya kanzu au ya tanga la jahazi hupotea isirudi tena. Karatasi ya picha iliyopakwa plastiki huosheka kwa dakika chache, lakini ya nyuzi huhitaji hata saa nzima katika maji yanayobadilishwa. Kwa kuwa maji matamu ya visima vya Shela ni ya kutunzwa, inafaa kujua kwamba maji ya bahari yaliyochujwa vizuri huitoa fiksa upesi zaidi, mradi umalizie kwa maji matamu mara kadhaa, maana chumvi ikibaki huiharibu picha.

Hatua ya tatu ni kuififisha picha ili ipokee rangi. Kanuni inayojulikana sana ni gramu 50 za potasiamu ferisianidi, gramu 10 za potasiamu bromidi na gramu 20 za sodiamu kaboneti katika lita 1 ya maji. Vivuli vikishafifia vikawa rangi ya majani makavu, osha tena mpaka umanjano wa dawa uishe.

Hatua ya nne ni dawa ya rangi yenyewe, sodiamu salfaidi, inayoigeuza picha kuwa salfaidi ya fedha, ambayo hustahimili hewa yetu ya chumvi na unyevu kuliko fedha tupu. Kazi hii haihitaji giza, basi ifanyeni darini penye upepo: mvuke wake wenye harufu ya yai bovu ni sumu, na huharibu karatasi ambazo hazijatumika. Tindikali isiikaribie kabisa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Langoni: Shikamoo mwalimu. Mbona picha zangu zimetoka na vidoa vya buluu?

Marahaba. Hiyo ni alama ya chuma. Chembe ya kutu kutoka kwenye bomba, tangi au beseni la bati lililobanduka ikiguswa na ferisianidi hufanya rangi ya buluu. Tumia beseni za plastiki na uchuje maji kwa kitambaa kizito.

Mwanachama wa Matondoni: Mwanga umepata sepia, lakini vivuli vimebaki vyeusi.

Dawa ya kufifisha haikumaliza kazi, ama kwa muda mfupi ama kwa kuchoka. Osha picha, ififishe tena kwa dawa mpya, kisha urudie rangi. Wako wanaoiacha hivyo makusudi, na kwa picha za milango ya nakshi nawaunga mkono.

Mwanachama wa Shela: Mimi hutumia thayourea badala ya sodiamu salfaidi. Rangi yangu ni ya manjano mno.

Ongeza sodiamu haidroksaidi kidogo kidogo, nayo hudhurungi itakolea. Karatasi yenye weusi wa joto, unaoelekea hudhurungi, pia huelekea umanjano, hivyo jaribu ile yenye weusi wa baridi, unaoelekea buluu. Vaa glavu, bwana, kwani thayourea na sodiamu haidroksaidi si za kugusa kwa mkono mtupu.

Mwanachama wa Mkomani: Utando wa picha umetoa malengelenge.

Joto limeilainisha jelatini, yaani utando unaobeba picha. Weka beseni zote, pamoja na maji ya kuoshea, katika ubaridi ulio sawa, na usiipige picha kwa maji ya bomba moja kwa moja.