Presha ya oili imeshuka kwenye RX-7 Turbo: pima kwanza, fungua baadaye

Maelezo haya ni ya Mazda RX-7 FC3S yenye injini ya 13B turbo. FD (toleo la RX-7 lililofuata) inafuata mantiki hiyohiyo, lakini vipimo vyake si hivi, kwa hiyo usivichanganye.

Kwenye injini ya rota (isiyo na pistoni, bali rota za pembetatu zinazozunguka), oili hailainishi tu, ndiyo inayopoza rota kwa ndani. Ukishuku kwamba presha imepotea, zima injini na uvute gari kwa kamba. Kilomita mbili za "nifike tu gereji" zinatosha kuua beringi.

Hatua ya 1: Hakikisha presha imeshuka kweli

Geji ya dashibodi inasoma sensa ya umeme ya miaka ya themanini, nayo hudanganya mara nyingi. Fungua sensa iliyo chini ya filta ya oili na ufunge geji ya mkono ya 0–150 psi. Angalia uzi: ni 1/8 BSPT (uzi wa bomba wa Kiingereza), si NPT (wa Kimarekani). Ya kwanza ina meno 28 kwa inchi, ya pili 27. Nipeli ya NPT itaingia mizunguko miwili vizuri, kisha itauma na kuharibu tundu.

Washa gari hadi sindano ya joto la maji itulie, kisha liache lingurume dakika 15 zaidi, maana oili huchelewa kupata moto kuliko maji. Andika namba nne: baridi sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta), moto sailensa, moto mizunguko 3000, moto mizunguko 4500. Kwa 3000 kiwanda kinataka 64–78 psi. Kwa sailensa, takriban 30 inaridhisha. Namba zikiwa sawa, nunua sensa mpya, kazi imekwisha.

Hatua ya 2: Kagua oili na filta

Chomoa kijiti cha oili unuse. Kiwango kikiwa kimepanda na kuna harufu ya petroli, injekta inavuja au mchanganyiko wa hewa na petroli una petroli nyingi mno, na oili imeshakuwa nyepesi kama maji. Tibu chanzo, badilisha oili na filta, kisha upime upya. Usikimbilie oili nzito ya 20W-50 ili sindano ipande. Itapanda, ila ugonjwa utabaki palepale.

Filta ya zamani usiitupe. Ikate kwa kikata-filta cha gurudumu, si msumeno, kwa sababu msumeno utaijaza unga wa chuma wake wenyewe. Toa karatasi, ikunjue, ikamue, uitandaze juani. Vipande vyembamba vya rangi ya shaba vinatoka kwenye beringi. Ukiviona kwa wingi, ruka moja kwa moja hadi hatua ya mwisho. Unga unaonaswa na sumaku huenda umetoka kwenye cheni ya pampu au gia.

Hatua ya 3: Soma mwendo wa sindano

Hapa ndipo wengi hupita haraka, na ndipo jibu lilipo.

- Sindano inatetemeka, au presha inashuka kadiri mizunguko inavyopanda: pampu inanyonya hewa. Shuku gasketi ya bomba la chujio ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), au chujio limezibwa na vipande vya silikoni.
- Presha inapanda hadi namba fulani, tuseme 40, kisha inagoma hapo hata ukanyage vipi: valvu ya kudhibiti presha iliyo nyuma ya injini imekwama wazi au springi yake imechoka.
- Presha ilikuwa nzuri jana, leo iko chini kwenye mizunguko yote, na hakuna tone nje: oringi (pete ya mpira) ya kava ya mbele.
- Baridi ni nzuri, moto ni mbaya: ama kidonge cha joto (valvu ndogo inayofanya kazi kwa joto) kilicho mbele ya shafti kuu ya injini, ama beringi. Beringi huanguka polepole kwa miezi.

Turbo hulaumiwa bure. Mrija wake wa oili ni mwembamba. Turbo iliyochoka inatoa moshi mwingi kabla haijashusha presha ya kutisha. Usizibe mrija huo ili kujaribu, utaiua turbo kwa dakika chache.

Hatua ya 4: Kidonge cha joto

Kiko nyuma ya bolti kubwa ya puli ya mbele. Injini ikiwa baridi, kinaachia oili ivuje ili jeti za rota zisifunguke mapema. Ikipata moto, kinarefuka na kuziba. Kikifa, kinavujisha daima. Wengi hukitoa na kuweka kipande cha chuma kigumu, na mimi naunga mkono.

Bolti ikiwa nje, mtu yeyote asikanyage klachi. Shafti ikisukumwa mbele, beringi ya sindano (yenye roli nyembamba) inaweza kutoka mahali pake na kubanwa vibaya unapokaza. Ukimaliza, pima mchezo wa shafti wa mbele na nyuma kwa dayo geji (geji ya saa): 0.04–0.07 mm, mwisho 0.09.

Hatua ya 5: Sampu

Inua injini kidogo kutoka kwenye maunti ndipo sampu itoke. Toa valvu ya nyuma, ioshe. Pistoni yake iteleze kwa uzito wake yenyewe. Badilisha gasketi ya chujio hata kama inaonekana nzima.

Hatua ya 6: Kava ya mbele

Oringi ndogo kati ya kava na sahani ya mbele inazuia oili yenye presha ya pampu. Ikizeeka, presha huisukuma nje ya kiti chake na oili inarudi kimyakimya ndani ya sampu. Weka mpya pamoja na ringi ya tefloni ya kuitegemeza. Ukiwa hapo, pima pampu: nafasi kati ya meno ya rota zake, na ile ya pembeni, zote zisizidi 0.15 mm.

Hatua ya 7: Beringi

Yote yakiwa mazima, injini inatoka. Nafasi ya beringi za gia tuli (gia zisizozunguka) na za rota ni 0.04–0.08 mm, mwisho 0.10.

Kabla ya kuwasha baada ya kazi yoyote, chomoa plagi ya sensa ya pembe ya shafti ili kusiwe na cheche wala petroli. Piga stata sekunde 10, pumzisha, rudia. Usiirudishe plagi hiyo hadi geji ya mkono ionyeshe presha.