Ukitaka Picha na Ramani za Nairobi ya Zamani, Ingia Makavazi Hivi

Nusu ya Nairobi hukutana nje ya Makavazi ya Kitaifa (National Archives), karibu na sanamu ya Tom Mboya, na wengi hawajawahi kuvuka mlango ule. Wanaoingia nao huishia kwenye vinyago vya mkusanyo wa Joseph Murumbi, wakatoka. Mimi nilichora ramani za majengo mpaka nikastaafu, na siku hizi vijana huniuliza namna ya kupata sura ya mtaa wao ulivyokuwa. Basi sikiliza.

Kazi huanzia nyumbani. Ukimwambia karani unataka "picha za Nairobi ya kale" atakutazama tu. Andika jina la jengo na la mtaa, hasa jina la enzi hizo, maana faharasa ilifuata majina ya wakati wake. Barabara ya Moi itafute kwa Government Road, ya Kenyatta kwa Delamere Avenue, Mtaa wa Biashara kwa Bazaar Street. Jengo likiwa la serikali, jiulize lilijengwa na idara gani: PWD, ile idara ya ujenzi ya serikali? Reli? Usidharau faili la barua lenye kichwa cha kuchosha. Ramani inaweza kuwa imekunjwa humo ndani, nyuma ya mabishano marefu kuhusu bei ya mabati.

Beba kitambulisho, pesa kidogo za usajili, na penseli. Wino hautakiwi mezani.

Ramani ikiletwa, macho yasikimbilie mchoro. Tafuta kwanza kisanduku cha maelezo, aghalabu pembe ya chini kulia: jina la mradi, skeli, tarehe, sahihi. Tarehe ikiwa imechanika, mihuri itakusaidia. Palipoandikwa East Africa Protectorate ni kabla ya 1920, mwaka tulioitwa koloni. Mhuri wa manispaa unakurudisha nyuma ya 1950, Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji. Vipimo vitakuwa vya futi na inchi. Robo inchi kwa futi moja ni sawa na 1:48. Lakini rula iache mfukoni. Karatasi hunywea na kutanuka kwa miaka, kwa hiyo amini tarakimu alizoandika mchoraji, si urefu wa mstari wake.

Zile karatasi za buluu zenye mistari myeupe hufifia zikikaa kwenye mwanga. Ukimaliza kuandika, zifunike. Kitambaa laini cha kuchorea kimepakwa wanga, na tone moja la jasho linatosha kukiharibu. Kausha mikono.

Picha ishike kingoni, kisha igeuze. Mgongoni ndiko kwenye maandishi ya penseli na mhuri wa studio. Pakiwa patupu, yaulize majengo: Kipande House ni ya 1913, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931, hoteli ya Hilton 1969, jumba la mikutano la KICC likakamilika 1973. Jengo likionekana limekamilika, picha haiwezi kulitangulia. Lisipoonekana, usikate shauri upesi. Pengine mpiga picha aliligeuzia mgongo.

Sasa weka picha kando ya ramani, uhesabu madirisha. Mimi hapa ndipo huchelewa kuondoka. Ramani inaonyesha kilichoombwa, picha kilichojengwa, na kati ya hizo mbili utaona pesa zilipoishia: veranda iliyochorwa ikakosekana, paa la vigae likageuka la mabati. Faili la barua litakwambia nani alikataa kulipa.

Maelezo ya chini ya picha za kikoloni nayaamini kuhusu mahali, kuhusu watu siyaamini. Mzungu ana jina na cheo; waliochonga mawe ni "vibarua" tu. Omba nakala, uipeleke kwa wazee wa Pumwani au Kaloleni, uwaache watazame polepole bila kuwatajia jina lolote. Ukiwatajia, watakukubalia kwa heshima.

Kila unachokiona, andika nambari yake kamili ya kumbukumbu kabla hujakirudisha, pamoja na ya faili lililokibeba. Na kama unachosaka ni nyumba ya mtu binafsi, ramani yake ilipitishwa na baraza la jiji. Hiyo kaiulizie City Hall, na uende na nambari ya kiwanja.