Jinsi ninavyofundisha kisa cha Rudolf Hess

Walimu wenzangu wa historia, mkifika kwenye Vita Kuu ya Pili, Hess ndiye atakayewaamshia darasa. Naibu wa Hitler katika chama cha Nazi anarusha ndege peke yake hadi nchi ya adui na kuruka kwa parachuti usiku. Hata wanaosinzia nyuma watainua vichwa. Shida ni kwamba usipojihadhari, kipindi kitaishia kwenye hadithi za majasusi na za mtu aliyefanana naye kufungwa badala yake, na somo litakuponyoka.

Kwa hiyo mimi sianzi na ndege. Naanza na gereza la Landsberg mwaka 1924, alikofungwa pamoja na Hitler baada ya jaribio la mapinduzi la Munich, akawa anamsaidia kuandaa kitabu chake. Naingia 1933, alipofanywa naibu, kisha 1935, saini yake ilipowekwa kwenye sheria iliyowakataza Wayahudi kuoana na Wajerumani wengine. Hayo naandika pembeni mwa ubao, na sifuti mpaka kengele ilie. Utaona sababu.

Safari yenyewe ieleze upesi, ukiwa na ramani. Jioni ya tarehe 10 Mei 1941 aliondoka Augsburg kwa Messerschmitt Bf 110, akavuka Bahari ya Kaskazini, na kama saa tano usiku akatua kwa parachuti karibu na Eaglesham, kusini mwa Glasgow. Aliyemkuta ni mfanyakazi wa shamba. Hess akajitambulisha kwa jina la uongo, Alfred Horn, akaomba kuonana na Duke wa Hamilton, mtukufu wa Uskoti, akiamini huyo angemfikisha kwa wakubwa waliochoshwa na vita.

Sasa punguza mwendo, maana kiini cha somo ni masharti ya amani aliyoyabeba. Alimweleza Ivone Kirkpatrick, mwanadiplomasia wa Uingereza aliyewahi kufanya kazi Berlin, kwamba Ujerumani iachiwe Ulaya ifanye itakavyo, na Uingereza ibaki na himaya yake, ila irudishe makoloni ya zamani ya Wajerumani. Tena mazungumzo yasifanywe na serikali ya Churchill. Hapo nyamaza kidogo, halafu uliza: makoloni gani? Atapatikana mmoja wa kusema Tanganyika, na darasa zima litageuka. Waulize tena: Mpolandi ambaye nchi yake ilikuwa imekaliwa tangu 1939, katika amani hii anapata nini? Wakishajibu, andika 22 Juni 1941, siku Ujerumani ilipouvamia Umoja wa Kisovieti. Waache wenyewe wahesabu wiki zilizopita tangu parachuti ile.

Watataka kujua kama Hitler ndiye aliyemtuma. Wanahistoria wengi wanaona alijipangia mwenyewe. Wape vidokezo viwili wavipime: Berlin ilitangaza kwamba amepagawa na ndoto zake, na cheo chake kikafutwa, shughuli zake zikaangukia mikononi mwa Martin Bormann, aliyekuwa msaidizi wake.

Kwenye kifungo, miaka aliyoshikiliwa Uingereza ipitie haraka. Kaa Nuremberg, mahakama ya washindi wa vita iliyowahukumu viongozi wa Nazi. Hukumu ya 1946 ilimtia hatiani kwa njama na kwa makosa dhidi ya amani. Kwa uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu hakutiwa hatiani. Akapewa kifungo cha maisha, ingawa jaji wa Kisovieti alitaka anyongwe. Mwanafunzi makini atashangaa: mjumbe wa amani kahukumiwa kwa kuvunja amani? Usimjibu. Mwelekeze kwenye masharti.

Mwaka 1947 wafungwa saba wa kesi hiyo waliingizwa gereza la Spandau, Berlin Magharibi, Hess akiwa namba 7. Mataifa manne, yaani Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, yalipokezana ulinzi kila mwezi, na kuanzia 1966 gereza lote lililindwa kwa ajili yake peke yake. Hapa huruma huingia darasani, nami siikatazi. Naongeza tu kwamba miaka mingi ni yeye aliyekataa kutembelewa na mkewe na mwanawe, hadi Desemba 1969. Kisha nagonga ule upande wa ubao ambao sikuufuta.

Alikufa tarehe 17 Agosti 1987, akiwa na miaka 93. Uchunguzi rasmi ulisema alijinyonga, familia ilipinga. Gereza likabomolewa ili lisigeuzwe mahali pa hija kwa wafuasi wa Nazi, na mwaka 2011 kaburi lake huko Wunsiedel, Ujerumani, likaondolewa kwa sababu hiyohiyo. Uvumi kwamba mfungwa hakuwa Hess halisi umalize kwa sentensi moja: mwaka 2019 vinasaba vya damu yake ya Spandau vililinganishwa na vya ndugu wa ukoo wake, vikaoana.

Kazi ya nyumbani: waandike ukurasa mmoja wa kuyajibu masharti yale, nusu ya darasa kama Waingereza, nusu kama Watanganyika wa 1941. Nawakataza kutaja ndege.