Namna ya Kumtafuta Nyuki Mdoezi na Kumchunguza Pamoja na Mwenyeji Wake Kando ya Ziwa Victoria

Ukuta wa udongo unaotazama mashariki, uliokauka vizuri na kutobolewa vitundu vyenye upana wa kidole kidogo, ndio mahali ninapomshauri mtu yeyote wa Mwanza aanzie kumtafuta nyuki mdoezi. Nyuki huyu hachimbi kiota, hakusanyi chavua wala hatengenezi asali. Jike lake hutaga yai katika chumba kilichochimbwa na kujazwa chakula na nyuki wa aina nyingine, na buu linaloanguliwa hukua kwa kula akiba ambayo mama mwingine aliiweka kwa ajili ya mwanawe, kama kekeo anavyowalelesha makinda yake mnana wanaofuma viota kwenye mafunjo ya ziwani. Wengi wakisikia habari hii humhesabu papo hapo kuwa adui wa kuangamizwa. Mimi naona kinyume: mdoezi huishi tu pale ambapo wenyeji wake ni wengi na wanazaliana vizuri, kwa hiyo anayeweza kumtambua ana njia ya kujua hali ya nyuki wa porini wanaohudumia bustani yake, bila maabara na bila gharama.

Mwenyeji kwanza, mdoezi baadaye

Duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki, na walio wengi hawaishi katika mizinga wala hawana malkia. Kila jike huchimba au hutafuta tundu lake peke yake, huandaa vyumba kimoja baada ya kingine, huweka chavua na mbochi (maji matamu ya maua) katika kila chumba, hutaga yai moja, hufunga, kisha huendelea na chumba kinachofuata. Mwenyeji utakayejifunza kumtambua kwanza ni nyuki wa namna hiyo, wa jenasi ya Amegilla. Ni mnene, ana manyoya, ulimi wake ni mrefu, na tumboni ana mistari ya rangi ya samawati au nyeupe inayopishana na nyeusi. Huruka kwa kasi kubwa, husimama hewani mbele ya ua kwa nukta moja au mbili, kisha huhama ghafla huku akitoa mlio mwembamba unaosikika kabla hujamwona. Mtafute kwenye kivumbasi, mrehani, na hasa kwenye maua ya nyanya, bilinganya na ndulele.

Maua ya jamii ya nyanya yanastahili maelezo zaidi, kwa sababu hapo ndipo thamani ya mwenyeji huyu inapoonekana. Chavua yake imefungiwa ndani ya vifuko vinavyofunguka kwa matundu au nyufa ndogo tu, na haitoki kwa wingi mpaka ua litikiswe. Amegilla hulikumbatia ua, hutuliza mabawa, kisha hutetemesha misuli ya kurukia hadi chavua inamwagika juu ya mwili wake. Nyuki wa asali hawezi kufanya kazi hiyo, ijapokuwa wafugaji wengi hudhani mizinga yao inatosha kwa kila zao. Nyuki seremala anaweza, na ukisogea karibu na bustani ya nyanya asubuhi utaisikia kazi yao kama mlio mkali wa kukatika-katika.

Sasa mdoezi. Wa kuanzia ni wa jenasi ya Thyreus, anayedoea katika viota vya Amegilla na jamaa zake wa karibu. Mwili wake ni mweusi, umetiwa madoa ya manyoya mafupi ya rangi ya samawati inayong'aa au nyeupe, na mabawa yake yana rangi ya moshi. Nyuma ya kifua ana bamba bapa lililojitokeza juu ya kiungo cha tumbo, lenye pengo katikati ya ukingo wake. Picha nzuri ya mgongo hulionyesha wazi. Alama ya hakika kuliko zote ni miguu ya nyuma. Ya Amegilla jike ina manyoya mengi ya kubebea chavua, na mara nyingi utaikuta imejaa unga wa manjano au mweupe. Ya mdoezi haina brashi hiyo, kwani hana wa kumbebea. Ganda lake pia ni gumu, jambo linalomfaa anayeingia nyumba ya mwenzake bila idhini.

Mwendo wake nao humtambulisha. Amegilla huja kwa kasi na kuingia moja kwa moja katika tundu lake, lakini Thyreus hupita polepole karibu na uso wa ukuta, huchungulia tundu hili na lile, na mara nyingi hutua kando akasubiri mwenye nyumba aondoke.

Kuchagua mahali na wakati

Eneo la Mwanza limejaa mawe makubwa ya itale, na kati ya mawe hayo kuna udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni. Udongo wa namna hiyo, ukiwa umeshikana kiasi cha kuchimbika bila kubomoka, huwafaa wachimbaji. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka wakati wa kiangazi na kutuama maji wakati wa mvua, kwa hiyo usipoteze muda wako huko. Kagua kingo za makorongo, kando za barabara zilizokatwa, matofali mabichi, majiko ya nje na kuta za nyumba za zamani kuanzia Nyegezi na Ilemela hadi vijiji vya Magu, Misungwi na Ukerewe. Ukiwa Kisiwa cha Saanane, kumbuka kwamba ni hifadhi ya taifa: tazama na kupiga picha, lakini usikamate chochote.

Majuma yanayofuata kuanza kwa mvua ndiyo bora, yaani mwishoni mwa mwaka kwa mvua za vuli na tena kati ya Machi na Mei kwa masika, kwa sababu maua ni mengi na udongo umelainika. Fika kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, jua likiwa limeupiga ukuta.

Omba ruhusa kabla ya kukaa. Kuta nyingi nzuri ni za nyumba za watu, na mgeni anayeutazama ukuta wa mwenzake kimya kimya huzusha wasiwasi wa haki kabisa. Piga hodi, toa salamu ya “mwangaluka”, kisha mweleze mzee au mama mwenye nyumba unachokitafuta. Mara nyingi wenye nyumba watakuonyesha tundu ambalo usingeliona mwenyewe, na watoto wa nyumba hiyo huwa wachunguzi wazuri kuliko wageni wao.

Kuhusu usalama, nyuki hawa wapweke hawashambulii kwa makundi, na jike huuma tu akishikwa au akibanwa. Hatari iko kwa nyuki wa asali, ambao hupenda kukaa katika nyufa za mawe hayo hayo. Ukiona msururu mkubwa wa nyuki ukiingia na kutoka katika ufa mmoja, ondoka taratibu. Mtu mwenye mzio wa kuumwa na nyuki asiende peke yake.

Namna ya kutazama

Pima eneo la ukuta la mita moja kwa mita moja na uchore mipaka yake kwa chaki. Weka namba ndogo kando ya kila tundu, ukiacha nafasi, kwa maana nyuki hutumia alama zilizo karibu na mlango kuutambua, na ukibadilisha mno sura ya mahali atazunguka akitafuta. Kaa hatua mbili au tatu kutoka ukutani, kivuli chako kisiangukie matundu. Tazama kwa dakika ishirini bila kuhama, ukiandika kila anayeingia: tundu gani, saa ngapi, ana chavua miguuni au hana, na alikaa ndani kwa muda gani. Baada ya vikao vichache utaona mpangilio: tundu linalopelekewa chavua mara kwa mara lina chumba kinachojazwa, na huko ndiko mdoezi hurudi kuchungulia.

Usibomoe ukuta ili kuona kinachotokea ndani. Kinajulikana vya kutosha. Chumba cha Amegilla kimepakwa utando wa nta unaozuia unyevu, na chakula chake ni uji mzito wa chavua na mbochi. Yai la mdoezi likiwekwa humo, buu lake changa hutoka likiwa na taya ndefu zilizopinda, ambazo huzitumia kuliua yai au buu la mwenye nyumba. Yakikutana mabuu mawili ya wadoezi katika chumba kimoja, moja humuua mwenzake, kwa sababu akiba hiyo inamtosha mmoja. Kwa hiyo kila mdoezi aliyekomaa amegharimu chumba kizima cha mwenyeji, na ndiyo maana idadi ya wadoezi hubaki chini ya ile ya wenyeji. Wenyeji wakipungua, yeye hutoweka mapema kuliko wao. Ukuta uliokuwa na Amegilla na Thyreus mwaka jana, na mwaka huu una Amegilla wachache peke yao, unakuambia jambo kabla nyanya hazijakosa kuzaa.

Utakutana pia na wageni wengine wa ukuta huo, na usiwachanganye. Nyigu wadogo wanaong'aa kijani au buluu kama chuma kilichosuguliwa hudoea viota vya nyigu wa udongo na vya baadhi ya nyuki. Nzi wenye manyoya wanaoelea mbele ya matundu hurusha mayai yao mlangoni. Wadudu wenye manyoya wanaotembea kama sisimizi wakubwa ni nyigu majike wasio na mabawa, na kuuma kwao kunauma sana. Juu ya hao wote kuna keremkerem angani na mjusi wa mawe, Agama mwanzae, ambaye dume lake lina kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, naye hula wadudu wanaomkaribia.

Kama hakuna ukuta karibu nawe, angalia uzio wa matete. Katika mabua yake matupu hujenga nyuki wa jenasi ya Megachile, anayekata vipande vya mviringo katika majani ya mawaridi na kuviviringisha kuwa vyumba. Mdoezi wake ni Coelioxys, ambaye jike lake lina tumbo lililochongoka, na kwa ncha hiyo hupasua ukuta wa jani ili kupenyeza yai.

Kutunza pande zote mbili

Nyumba za udongo zinapobadilishwa kuwa za saruji, jambo ambalo hakuna anayeweza kulilaumu, wachimbaji hupoteza makazi. Unaweza kuwarudishia kidogo. Changanya udongo na mchanga mpaka donge lililokauka likwaruzike kwa ukucha, usitie saruji, kisha lishindilie ndani ya sanduku la mbao au tofali lenye uwazi. Kabla halijakauka, toboa vitundu vya kuanzia vyenye kina cha sentimita mbili au tatu. Liweke chini ya upenu, mbali na mvua, likitazama jua la asubuhi, karibu na kivumbasi au mrehani.

Kwenye viuatilifu, ushauri uliozoeleka ni kunyunyizia jioni nyuki wanapokuwa wamerudi viotani. Ni ushauri mzuri kwa mizinga, ila hautoshi hapa. Madume ya Amegilla hayalali ndani ya matundu. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hukusanyika kwenye vijiti vikavu na mabua ya magugu, na kulala yakiwa yameng'ata shina kwa taya. Thyreus hulala hivyo hivyo. Anayenyunyizia jioni hadi pembezoni mwa shamba huwafikia wakiwa hawawezi kukimbia. Nyunyizia pale tu palipo na shambulio la kweli, usiguse maua yaliyochanua, na uache ukanda wa magugu usionyunyiziwa kabisa. Ukanda huo pia ndio mahali rahisi pa kumpiga picha mdoezi, kwani alfajiri kabla ya jua kupanda huwa hajapata joto la kuruka.

Piga picha tatu: mgongo, ubavu na uso, na uandike tarehe, kijiji, mmea na wenyeji waliokuwepo. Ukizipakia iNaturalist, tovuti ya kushirikisha picha za viumbe, wataalamu wa mbali wanaweza kusaidia kutaja jenasi, ingawa spishi nyingi hazitambuliki kwa picha peke yake. Ikiwa unataka kukusanya vielelezo kwa ajili ya utafiti, tafuta kwanza kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, na uhakikishe daftari lako linaeleza pia siku ambazo ulikaa ukutani na mdoezi hakutokea.