Kununua Ndege Ndogo Nairobi: Hatua kwa Hatua kutoka kwa Fundi

Kazi yangu ni kukagua na kutengeneza ndege za injini moja ya pistoni pale uwanja wa ndege wa Wilson. Wanunuzi wengi hunijia na picha kwenye simu na swali moja: bei hii ni nzuri? Bei ni jambo la mwisho. Unachonunua hasa ni historia ya ndege: imerushwa mara ngapi, imelala wapi, na nani ameifungua injini. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, na usitoe hata arbuni kabla ya kumaliza ya nne.

Hatua ya 1: Andika safari zako halisi

Chukua karatasi uandike utaruka na nani, wana kilo ngapi, mtatoka wapi na kwenda wapi. Andika safari utakazofanya mwezi hadi mwezi, si ile ya Lamu ya mara moja kwa mwaka.

Mfano ni Cessna 172N, ndege ya viti vinne. Uzito wake wa juu kabisa wakati wa kuruka ni paundi 2,300, yaani kilo 1,043. Ndege yenyewe tupu ina kilo 650 hivi, kwa hiyo unabaki na kama kilo 390 za watu, mizigo na mafuta. Jaza matangi yake ya kawaida, lita 151 zinazotumika, na kilo 109 zimeondoka. Watu wazima watatu wa kilo 85 kila mmoja, na mkoba wa kilo 25, mmefika kikomo. Kiti cha nne kinabaki kitupu au mafuta yanapunguzwa.

Halafu kuna mwinuko. Wilson iko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye joto la nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 8,400 hivi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu kwa kila futi 1,000. Injini yako ya nguvu farasi 160 inakupa kama 120. Propela na mabawa nayo yanafanya kazi katika hewa hiyohiyo nyepesi. Ndiyo maana ndege iliyopanda vizuri ulipoijaribu Mombasa itakushangaza Nairobi saa nane mchana. Fungua kitabu cha ndege, tafuta jedwali la umbali wa kukimbia kabla ya kupaa, na usome mstari wa mwinuko wako na joto lako.

Ushauri wangu kwa mtu wa Nairobi: mkiwa wawili, 172 au Piper PA-28 inatosha. Mkiwa wanne mara kwa mara, tafuta Cessna 182 yenye nguvu farasi 230. Kama unapeleka mizigo kwenye viwanja vya murram, ni 206 ya nguvu farasi 300. Matumizi ya mafuta yanapanda hivyohivyo: 172 hunywa kama lita 33 kwa saa, 182 kama 50, na 206 karibu 60.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mwaka mzima

Tenga gharama mafungu mawili. La kwanza ni zile unazolipa hata ndege isipotoka nje: bima, hanga au maegesho, ukaguzi wa mwaka, kuhuisha cheti cha ubora wa kuruka kwa KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya), leseni ya redio, betri ya kifaa cha kutoa ishara ya dharura. La pili ni za kila saa ya kuruka: avgas (petroli ya ndege), oili, ukaguzi wa saa 50 na 100, na akiba ya injini.

Akiba ya injini ndiyo wengi huiruka. Lycoming O-320 iliyomo kwenye 172 nyingi ina muda wa saa 2,000 au miaka 12 kabla ya kufunguliwa yote. Tuseme kazi hiyo itakugharimu dola 34,000: kila saa unayoruka inakula dola 17, uwe umeziweka benki au hukuziweka. Ndege iliyobakiza saa 300 tu iwe rahisi kwa kiasi hicho cha akiba iliyokwisha kuliwa. Usipoipata hiyo punguzo, mwache muuzaji na ndege yake.

Sasa gawanya fungu la kwanza kwa saa utakazoruka. Tuseme ni dola 12,000 kwa mwaka. Ukiruka saa 40, kila saa inabeba dola 300 kabla hujatia mafuta. Ukiruka 120, inabeba 100. Kama hesabu yako ya kweli ni saa 40, kodisha ndege ya klabu, au mwanzishe chama cha watu watatu wanne mnaoaminiana, mkiwa na mkataba ulioandikwa unaosema nani analipa injini ikifa mapema.

Hatua ya 3: Chagua utakaponunua

Ndege iliyo tayari na usajili wa Kenya, wa 5Y, ni rahisi kuikagua na imeshazoeleka hapa. Kutoka Afrika Kusini inaweza kurushwa hadi Nairobi. Kutoka Marekani, 172 hufunguliwa mabawa na kuletwa kwa kontena kupitia Mombasa. Kwa ndege ya Marekani, agiza upekuzi wa madeni kwenye masjala ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, iliyoko Oklahoma City, maana deni hufuata ndege hata mmiliki akibadilika. Masharti ya KCAA na ya ushuru yaulizie kwa maandishi kabla ya kulipa. Kodi hubadilika na Sheria ya Fedha.

Hatua ya 4: Soma logibuku

Omba logibuku (vitabu vya kumbukumbu za ndege) zote tatu zikiwa kamili: ya bodi, ya injini na ya propela. Zilinganishe mwaka kwa mwaka.

Kwanza angalia mapengo. Katika Lycoming, shafti ya kamu, ile inayofungua vali, imekaa juu ya krenki (crankshaft), na oili huchuruzika kutoka kwake ndege ikilala. Chuma kinabaki kikavu, kutu inaanza, na siku injini inapowashwa kutu hiyo inasaga kamu na tapeti. Miezi minane bila saa hata moja, hasa Malindi au Zanzibar kwenye hewa ya chumvi, inanitia hofu kuliko injini ya saa 1,800 inayoruka kila wiki. Mimi huchukua inayoruka.

Pili, tafuta propela iliyobadilishwa ghafla. Kama propela iligonga ardhi, injini ilipaswa kufunguliwa na krenki ikaguliwe. Ukiona propela mpya na kimya kwenye logibuku ya injini, uliza. Jibu likiyumba, ondoka.

Tatu, hakikisha maagizo ya lazima, yale mafundi huyaita AD, yametekelezwa na kusainiwa. Kwa Cessna, dai kuona ukaguzi wa reli za viti. Matundu ya reli hupanuka, pini haishiki, na kiti kinateleza nyuma rubani anapoinua pua. Naye huvuta usukani akijishikilia. Watu wamekufa hivyo. Kwa Piper za jamii ya PA-28, uliza agizo la 2020 la kupima mwimo wa bawa (spar), boriti kuu iliyo ndani yake. Na 172N za 1977 hadi 1980 zenye injini O-320-H2AD zina sifa mbaya ya kamu na tapeti, kwa hiyo zikaguliwe hapo mara mbili.

Hatua ya 5: Lipia ukaguzi wako mwenyewe

Fundi awe wako, asiwe yule anayeitunza ndege ya muuzaji. Simama naye wakati wa kupima silinda. Hewa ya shinikizo la paundi 80 inaingizwa, geji ya pili inasoma kilichobaki. Kwa Lycoming, chini ya 60 ni shida. Tega sikio: ikivuma kwenye ekzosi, vali ya kutolea moshi inavuja, kwenye kabureta, ni vali ya kuingizia, kwenye mdomo wa oili, ni ringi za pistoni. Kisha akate filta ya oili na kukunjua karatasi yake chini ya mwanga. Vipande vinavyonasa kwenye sumaku ni chuma, na chuma mara nyingi hutoka kwenye kamu. Afungue pia vifuniko vya chini ya mabawa na mkia atafute kutu ya unga mweupe.

Hatua ya 6: Fedha na karatasi

Pesa zikae kwa wakili au wakala wa kati hadi hati ya mauzo isainiwe. Bima ianze dakika ndege inapokuwa yako, na uijulishe kampuni ya bima saa ulizonazo kwenye aina hiyo ya ndege.

Hatua ya 7: Saa 50 za kwanza

Badilisha oili mapema, ukifika saa 25, na utume sampuli maabara; rudia saa 50 ulinganishe majibu. Ruka angalau saa nzima kila mwezi, oili ikiwa na joto la nyuzi 74 hadi 93. Kuwasha injini ukiwa chini kwa dakika kumi hakukaushi unyevu uliomo ndani, huuongeza.