Somo: Kupima maji ya tangi dogo la matumbawe bila kutumia fedha nyingi

Tangi la lita 40 halisamehe. Zikipaa lita 2 bila kujaziwa, chumvi yote hubaki ndani kwa kuwa kinachopaa ni maji matupu, na uchumvi uliokuwa sehemu 35 kwa 1,000 hukaribia 37. Mwenye tangi dogo, basi, hupima mara nyingi kuliko mwenye tangi kubwa, lakini halazimiki kupima kila kitu. Kwa mwenye mfuko mwembamba ninapendekeza vipimo vitatu vya kuanzia: uchumvi, ualkali (uwezo wa maji kustahimili asidi, utokanao hasa na kaboneti) na naitreti (mabaki ya mwisho ya uchafu wa samaki na chakula).

Hatua ya kwanza: uchumvi. Haidromita ya plastiki yenye mshale ni ya bei nafuu, ila viputo vya hewa vikinata kwenye mshale huuinua, nawe ukasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo. Refraktometa ya mkono, chombo kinachopima uchumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, ni bora, mradi isahihishwe ipasavyo, na hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiisahihisha yangu kwa maji yaliyokenekwa, mstari ukikaa kwenye sifuri naridhika, nisijue kwamba chombo kilicho sawa kwenye sifuri chaweza kukosea kwenye 35. Tengeneza maji ya kusahihishia: yeyusha gramu 36.5 za chumvi safi ya mezani katika gramu 963.5 za maji yaliyokenekwa. Mchanganyiko huo hupinda mwanga sawa na maji ya bahari yenye uchumvi wa 35. Weka matone mawili au matatu kwenye kioo, funga kifuniko pasibaki kiputo, subiri nusu dakika, kisha zungusha skrubu hadi mstari ukae kwenye 35. Usiendelee na vipimo vingine kabla ya hiki kutengemaa, kwa sababu uchumvi ukikosewa, tarakimu nyingine nyingi hupanda au kushuka nao.

Hatua ya pili: ualkali. Kama fedha zinatosha kununua seti moja tu ya dawa za kupimia, nunua hii. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti kwa uwiano maalumu: ualkali ukishuka kwa 2.8 dKH (digrii zinazopimia ualkali), kalsiamu hushuka kwa takriban miligramu 20 tu kwa lita. Kushuka kwa kalsiamu kutoka 420 hadi 400 huenda seti ya bei nafuu isikuonyeshe, ilhali ualkali ukitoka 8 hadi 5.2 hata mgeni ataona.

Suuza sirinji mara tatu kwa maji ya tangi lenyewe, kisha chota mililita 5 na uzimimine kwenye kichupa cha kupimia. Ishike chupa ya dawa wima kabisa, mdomo ukitazama chini, kwani chupa iliyoinamishwa hutoa matone yasiyolingana. Tikisa kichupa baada ya kila tone, ukihesabu, hadi rangi igeuke kabisa. Iwapo seti yako huhesabu tone moja kuwa digrii moja, tumia mililita 10 badala ya 5, na kila tone litakuwa nusu digrii; dawa itaisha upesi zaidi, lakini usahihi huo unastahili gharama. Lenga kati ya 7 na 11. Tarakimu utakayochagua ndani ya mipaka hiyo si muhimu kama kuishikilia isiyumbe.

Hatua ya tatu: naitreti. Tikisa sana chupa yenye unga unaotuama, kisha linganisha rangi kwenye karatasi nyeupe mchana. Miligramu 2 hadi 10 kwa lita zinafaa.

Amonia hupimwa wiki za mwanzo, tangi likiwa halijakomaa. Kipimo cha pH kinaweza kusubiri, kwani pH hupanda mchana na kushuka usiku hata maji yakiwa mazima. Andika kila tarakimu kwenye daftari, ukipima saa ileile.

Maswali ya wanachama

*Swali: Shikamoo mwalimu. Je, karatasi za kuchovya haziwezi kutosha?*
Marahaba. Zinatosha kukuambia kwamba jambo limeharibika sana. Hatua kati ya rangi na rangi ni pana mno, hivyo hutaweza kutofautisha ualkali wa 7 na wa 8.

*Swali: Rangi ya naitreti yangu imekolea kupita chati yote. Nifanyeje?*
Changanya sehemu moja ya maji ya tangi na sehemu moja ya maji yaliyokenekwa, pima upya, kisha zidisha jibu kwa 2.

*Swali: Ndugu mwalimu, seti mbili zinanipa ualkali wa 7.5 na wa 9 kwa maji yaleyale. Niamini ipi?*
Usiamini yoyote kabla ya kuzijaribu. Yeyusha gramu 12 za bikaboneti ya soda, ile ya kuokea isiyochanganywa na kitu kingine, katika maji yaliyokenekwa hadi ifike lita moja. Chota mililita 20 za maji hayo na uyajazie maji yaliyokenekwa hadi lita moja nyingine. Ualkali wake ni 8 dKH. Pima kwa seti zote mbili. Ile itakayokosea, ikiwa inakosea kwa kiasi kilekile kila mara, usiitupe, bali andika tofauti yake juu ya boksi na uendelee kuitumia.