Kukagua pachi ya draiva ya kadi ya mtandao: anwani zinapotoka biti 32 kwenda 64

Kijana mmoja hapa Chake Chake aliniletea baada ya Isha pachi yake, yaani mabadiliko ya msimbo wa draiva, programu inayoiendesha kadi ya mtandao. "Maalim, mistari kumi tu, niangalizie." Tuliagana alfajiri, ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1: Weka pachi, jenga kerneli, kiini cha mfumo wa Linux.

Hatua ya 2: Chukua grep (chombo cha kutafuta maneno ndani ya mafaili) na karatasi. Vihariri vya rangi rangi mie sina haja navyo. Andika kila pahala inapopita dma_addr_t, aina inayobeba anwani ambayo kadi huitumia kuifikia memori yenyewe, na mbele yake aina ya kigeu kinachoipokea. Ukikuta virt_to_phys, inayogeuza tu anwani ya kerneli kuwa ya memori halisi, mrudishie mwenyewe pachi yake: kadi hupewa anwani iliyotoka dma_map_single, amri ya kerneli ya kuiandalia kadi memori, si ya kukisia.

Hatua ya 3: Upana. Hapa ndipo palipotukesha. Pachi iliongeza maski (upana wa anwani ambao kadi inaumudu) kutoka biti 32 hadi 64 ndani ya dma_set_mask_and_coherent, yaani kuiambia kerneli kwamba kadi inafika memori yote. Upande wa kupokea ulirekebishwa, wa kutuma ukabaki na u32, kigeu cha biti 32 tu kinachokata biti za juu. Bafa (memori yenye data ya kutumwa) ikiwa kwenye anwani 0x123456000, kadi inaambiwa 0x23456000. Inagonga nyumba ya jirani na kutuma ilichokikuta humo. Lingekuwa kosa la upande wa kupokea, ingeandika juu ya memori ya watu.

"Mbona kwangu inakwenda?" Kompyuta yake ina GB 2, hakuna memori juu ya GB 4, kwa hiyo biti za juu ni sifuri siku zote. Tukahamia yangu ya GB 16, nayo ikapita salama! Masaa matatu yakapotea. Kumbe IOMMU, kifaa kinachotafsiri anwani za kadi kuwa za memori, imewashwa, na Linux huanza kuigawia kadi ya PCI anwani za chini ya GB 4. Nikawasha upya na intel_iommu=off, ping (vijumbe vya kupima mtandao) zikaanza kupotea moja moja. Angalia pia swiotlb=force isiwemo: hupitisha data kwenye bafa za anwani za chini, nayo inaficha kosa.

Dawa ni upper_32_bits na lower_32_bits, zinazotoa nusu ya juu na nusu ya chini ya anwani, kila moja ndani ya cpu_to_le32, inayopanga baiti, kama kadi yasoma baiti ndogo kwanza. Usikubali >> 32 (kusogeza biti kulia mara 32): pale dma_addr_t ilipo ya biti 32, lugha ya C haikuahidi jibu lolote.

Hatua ya 4: dma_mapping_error, inayokagua kama anwani imepatikana, baada ya kila dma_map_single. Kulinganisha na sifuri hakufai, sifuri yaweza kuwa anwani halali.

Hatua ya 5: dma_unmap_single, inayoiachia memori kazi ikiisha, kwa ukubwa na mwelekeo ule ule. Washa CONFIG_DMA_API_DEBUG (ukaguzi wa amri hizi) unapojenga kerneli, kisha soma dmesg, ujumbe wa kerneli. Ukikosea, hapo utasemwa.